Shada la Uzi: historia fupi ya pambo la Noeli katika parokia yetu



Katika kitabu hiki wenzetu wamekwisha kuandika habari za mapadri waliotutangulia, za majengo, za shule na za mashirika yetu. Sisi tumepewa kazi iliyo ndogo kuliko zote. Tumeombwa kueleza asili ya lile shada la uzi linalotundikwa kila mwaka juu ya mti wa Noeli, karibu na pango la Mtoto Yesu. Wageni hulitazama, kisha huuliza: ni kitu gani hiki? Ni kamba ndefu ya uzi mweupe, iliyofumwa kwa kroshe, yenye vigurudumu vidogo vinavyofuatana kama punje za shapele. Haing'ai. Haina taa. Mahali pamoja ina doa la rangi ya udongo ambalo halikutoka hata kwa kufuliwa mara nyingi.

Tungeweza kuyaeleza hayo kwa mistari kumi. Lakini katika mkutano wa halmashauri uliotayarisha jubilei, shauri lilizuka. Wengine walisema kwamba shada limezeeka, na kwamba sokoni kuna mashada ya plastiki yanayometameta, yasiyo ghali, yatakayolipamba kanisa vizuri zaidi mbele ya wageni. Kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu, alisema neno zito zaidi. Alisema kwamba mti wa Noeli na kroshe ni vitu vya wazungu vyote viwili, na kwamba mama zetu walipewa ndoano ya kroshe kusudi wasipewe kitabu. Watu walinyamaza. Ndipo mama mmoja mzee aliposimama akasema: «Mtoto wangu, umesema kweli, lakini hukuisema yote.» Kisha akaketi.

Halmashauri haikukata neno siku ile. Paroko alituomba tutafute habari, tuziandike hapa, ili watu waamue wakiwa wanajua. Hizi ndizo habari tulizozipata.

1. Mti umetoka wapi?

Asili ya pango twaijua. Mtakatifu Fransisko wa Asizi ndiye aliyelifanya mashuhuri, usiku wa Noeli ya mwaka 1223, pale Greccio katika nchi ya Italia. Alitayarisha hori, majani makavu, ng'ombe na punda, na watu wa kijiji wakaja na mienge kuabudu.

Mti ulikuja nyuma sana, tena kwa njia nyingine. Ulitoka katika nchi za mto Rhine, mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani za leo. Katika mji wa Sélestat, kitabu cha hesabu cha mwaka 1521 kinataja shilingi nne walizolipwa walinzi wa msitu kusudi wailinde miti tangu siku ya Mtakatifu Toma, iliyokuwa 21 Desemba katika kalenda ya zamani. Mtu halipi walinzi bila sababu: maana yake ni kwamba watu walikuwa wakiikata miti ile kwa ajili ya sikukuu. Katika mji wa Strasbourg, mwaka 1605, mtu mmoja aliandika kwamba wenyeji husimamisha misonobari katika vyumba vyao, nao huitundikia mawaridi ya karatasi za rangi, matunda ya tofaa, mikate myembamba kama hostia, na vitu vya sukari.

Matofaa hayo yalikuwa na maana yake. Siku ya 24 Desemba ilikuwa siku ya kuwakumbuka Adamu na Eva, na katika michezo ya dini ya karne za kati watu walisimamisha mti wenye matunda kuwa mfano wa ule mti wa paradisi. Basi usiku wa kumwadhimisha Mwokozi uliingia mara moja baada ya siku ya kuwakumbuka wale waliotupoteza.

Lakini wasomaji wetu wajue kwamba mti huo haukupokelewa na wote, hata kwao wenyewe. Katika miaka ya 1640 mhubiri wa Kiprotestanti wa Strasbourg, Johann Konrad Dannhauer, aliulaumu mbele ya watu, akiuita mchezo wa watoto unaowapotezea muda ambao wangepaswa kuutumia kwa Neno la Mungu. Nasi Wakatoliki tulikawia zaidi. Kwa muda mrefu familia nyingi za Kikatoliki za Ujerumani ziliuona mti kuwa desturi ya Waprotestanti. Wao walishika pango. Ni katika karne ya 19 mti ulipoenea katika nyumba za pande zote mbili. Mwaka 1848 gazeti moja la London lilitoa picha ya malkia Victoria, mume wake Albert aliyezaliwa Ujerumani, na watoto wao, wakiuzunguka mti wenye mishumaa. Na wengi wakaiga. Huko Roma, katika uwanja wa Mtakatifu Petro, mti wa kwanza ulisimamishwa mwaka 1982 tu, kwa mapenzi ya Papa Yoane Paulo II, mzaliwa wa Polandi.

Kwa hiyo parokia yetu, iliyo mlimani huku, ilikuwa na mti wa Noeli kabla ya uwanja wa Papa. Hatusemi hivyo kwa kujivuna. Twasema kusudi mtu asidhani kwamba mti ni sheria ya Kanisa au ni mali ya taifa moja. Ni desturi iliyohama kutoka nyumba hata nyumba, na kila nyumba ilitundika ilichokuwa nacho. Wenye mali walinunua matunda ya kioo yaliyopulizwa na mafundi wa Lauscha, huko Thuringia. Maskini walitundika karatasi, njugu na uzi.

2. Ndoano na njaa

Sasa tuje kwenye uzi. Kroshe ni neno la Kifaransa, maana yake ndoano ndogo. Triko hutaka sindano mbili na vitanzi vingi vilivyopangwa juu yake. Kroshe hutaka ndoano moja, na mara nyingi kitanzi kimoja tu ndicho kinachongoja juu ya ndoano hiyo. Watu wengi hudhani kwamba ni kazi ya kale sana. Sivyo. Mafundisho ya kwanza ya kroshe yanayojulikana kuchapishwa yalitoka katika gazeti la wanawake la Uholanzi liitwalo Penélopé, mwaka 1823. Mwanzoni ilikuwa hasa kazi ya mabibi wenye nafasi, ya kupitisha muda wa jioni. Njaa ndiyo iliyoigeuza kuwa mkate wa maskini.

Wakulima wetu wa milimani wanaijua mildiu. Asubuhi unakuta majani ya viazi yana madoa meusi; baada ya siku chache shamba lote linanuka, na ukichimba unatoa viazi vilivyooza. Ugonjwa huo huo uliingia Ayalandi mwaka 1845. Maskini wa nchi ile walikuwa hawana chakula kingine ila viazi, maana ardhi nzuri ilikuwa ya mabwana wakubwa. Viazi vilioza mwaka ule, vikaoza tena mwaka uliofuata, na nafaka ya nchi iliendelea kupakiwa melini kwenda kuuzwa Uingereza. Watu wapata milioni moja walikufa kwa njaa na kwa homa zilizofuata njaa. Wengine zaidi ya milioni moja walivuka bahari. Katika hesabu ya mwaka 1841 Ayalandi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Katika ile ya mwaka 1851 walikuwa milioni 6 na nusu.

Katika taabu ile Masista Waursulina wa Blackrock, karibu na mji wa Cork, waliwafundisha watoto wa maskini kroshe. Upande wa kaskazini, katika mji mdogo wa Clones, Bi Cassandra Hand, mke wa mchungaji wa Kianglikana, alimwita mwalimu mwaka 1847 kusudi awafundishe wanawake wa nchi kazi hiyo hiyo. Angalieni jambo hili: masista Wakatoliki upande mmoja, mke wa mchungaji upande mwingine, na katikati yao ndoano moja na njaa moja.

Vifaa vilikuwa vya kienyeji. Sindano ilipindwa ncha, ikachomekwa katika kipande cha mti, basi ndoano ikawa tayari. Walichofuma ni dantela, wakiiga zile dantela za Venezia zilizoshonwa kwa sindano. Lakini kwa kroshe kazi ilikwenda haraka zaidi. Waligawana kazi. Mmoja alifuma mawaridi, mwingine majani, na mwingine aliviunganisha vyote kwa wavu mwembamba. Dantela hizo ziliuzwa kwa watu wakubwa wa Ulaya. Hazikuwatajirisha wale waliozifuma. Ziliwalipia kodi ya nyumba, ziliwanunulia unga, na wengine zilikusanya nauli ya meli.

Hii ndiyo sehemu ya kwanza ya ile kweli ambayo mama mzee alitukumbusha. Kroshe tuliyoipokea ilikwisha kupita katika mikono ya watu walionyang'anywa ardhi na walioona mashamba yao yakioza. Ilifika kwetu mikononi mwa wazungu, lakini njiani ilikuwa imelala katika nyumba za maskini.

3. Namna uzi ulivyofika kwetu

Askofu mkuu Lavigerie aliunda shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, na la Masista Weupe mwaka 1869, pale Algiers. Mapadri walifika ziwa la Tanganyika mwaka 1879. Mwaka 1885 walipokea boma la Mpala, na mwaka 1893 walianzisha misioni ya Baudouinville, ndiyo Kirungu ya leo. Huko ndiko Stefano Kaoze alikopewa upadri tarehe 21 Julai 1917, Mkongo wa kwanza wa nyakati zetu. Nyuma ya mapadri walikuja masista, na karibu na nyumba za masista palikuwa na chumba cha kushonea, ambamo wasichana walifundishwa sindano, triko na kroshe.

Baada ya vita kuu ya pili serikali ya Wabeleji ilieneza katika miji nyumba zilizoitwa foaye sosiali. Ile ya Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, ilianza mwaka 1946. Wake za wafanyakazi walifundishwa kupika, kufua, kupiga pasi, kutunza watoto, kushona na kufuma. Hivyo ndoano ikaingia katika nyumba za wakubwa wa kazi, kisha katika nyumba za watu wote. Hata leo, ukiingia katika sebule ya Mkristu, unakuta vitambaa vya kroshe juu ya viti, juu ya meza, na juu ya radio.

Hapa hatuna budi kumpa haki yule kijana. Miaka ile mvulana mwenye akili aliweza kupelekwa seminari ndogo, akajifunza Kilatini, hesabu na historia. Dada yake mwenye akili kama yeye alifundishwa kutunza nyumba. Padri Kaoze alipewa upadri mwaka 1917. Mwanamke wa kwanza wa Kongo kumaliza chuo kikuu, Sophie Kanza, alimaliza Lovanium mwaka 1964, naye mwaka 1966 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika nchi yetu. Kati ya tarehe hizo mbili za kwanza kuna miaka 47. Katika miaka hiyo 47 ni wasichana wangapi waliokuwa na kichwa cha kitabu, wakapewa uzi tu? Kanisa letu lilikuwa na sehemu yake katika jambo hilo. Katika siku ya jubilei si vizuri kuficha deni. Tangu Agano la Kale mwaka wa jubilei ndio mwaka wa kuyatazama madeni.

Lakini kweli haiishi pale. Tuturuhusiwe kuleta ushuhuda wa nyumbani kwetu. Mama mzazi wetu hakupita mwaka wa nne wa shule ya msingi. Aliondoka shuleni akijua kusoma polepole, na kufuma haraka sana. Tulipokuwa katika seminari ndogo, fedha ya nchi ilikuwa ikianguka kila juma. Mwaka 1993 serikali ilitoa zaire mpya, na kila moja ilibadilishwa kwa zaire milioni tatu za zamani. Nayo mpya ikaanguka vile vile. Mshahara wa baba ulikuwa hautoshi hata kununua sabuni. Ndipo mama alipofuma. Alifuma vitambaa vya meza usiku, kwa taa ya mafuta, akaviuza kwa wake za wafanyabiashara. Na alipokosa mnunuzi alivipeleka kwa mhasibu wa seminari, naye akavipokea mahali pa karo. Tulijifunza Kilatini kwa uzi wa mama. Leo tukikumbuka declinatio zile, rosa, rosae, tunaona vidole vyake vikienda na kurudi.

Hii ndiyo sehemu ya pili ya kweli. Ndoano aliyopewa mwanamke mahali pa kitabu, yeye aliitumia kuwanunulia watoto wake kitabu. Ubaya wa kunyimwa haukupungua kwa sababu hiyo. Lakini tukiitupa ndoano kwa jina la mama zetu bila kuwauliza, tutakuwa tumewanyima mara ya pili.

4. Noeli isiyokuwa sikukuu

Sasa tufike kwenye shada lenyewe. Tuliyoandika hapa chini tumeyapokea kwa wazee wa parokia, kwa kuwa sisi tulikuwa hatujazaliwa.

Wageni vijana huenda hawajui miaka ile. Mwaka 1972 majina ya Kikristu yalikatazwa katika nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, na Kardinali Malula alilazimika kukaa Roma kwa muda. Mwaka 1974 serikali iliiondoa Noeli katika sikukuu za taifa, na mwishoni mwa mwaka huo shule za makanisa zilitwaliwa na serikali. Hazikurudishwa chini ya uongozi wa makanisa mpaka mwaka 1977. Tarehe 25 Desemba 1974 ilikuwa siku ya tatu ya juma, siku ya kazi kama siku nyingine.

Mapambo ya zamani yalikuwa yameletwa kutoka Ulaya na mapadri: matunda ya kioo ndani ya sanduku, yaliyofungwa kwa karatasi nyembamba. Mengi yalikuwa yamevunjika, na mengine hayakuja tena. Akina mama wa parokia waliona kwamba mwaka ule hakutakuwa na mapumziko, wala pambo, wala mwalimu wa kuwakusanya watoto wa shule kwa nyimbo. Basi walianza kukutana jioni, nyumba hata nyumba, wakifuma. Uzi haukununuliwa. Kila mmoja alileta sweta iliyochakaa, wakaifumua, wakafua uzi na kuuning'inizia jiwe upate kunyoka. Ndoano nyingine zilitengenezwa kwa waya wa gurudumu la kinga, ulionolewa juu ya jiwe na kupindwa ncha.

Walipofuma walisali Rozari, na kusudi wasipoteze hesabu, kila Salamu Maria ilipewa kigurudumu chake. Walipomaliza waliona kwamba wamefuma makumi matano. Hawakujua kwamba neno walilolitumia kila siku lilikuwa limekwisha kusema jambo hilo hilo. Shapele ni neno la Kifaransa chapelet, na maana yake ya kwanza ni taji dogo la maua la kuvaa kichwani. Na Rozari, kwa Kilatini rosarium, ni bustani ya mawaridi. Shada na sala vilikuwa na jina moja tangu zamani; akina mama walivirudisha pamoja bila kamusi.

Siku ile ya Noeli Misa ilisomwa alfajiri, kabla ya saa ya kazi. Mti ulikuwa tawi la sipre, na juu yake shada jeupe peke yake. Kiisha Misa wanaume walikwenda kazini, watoto wakaenda zao. Wazee husema kwamba hawakumbuki mahubiri ya asubuhi ile, lakini wanakumbuka shada.

Tangu siku ile limetundikwa kila mwaka, ila mmoja. Katika vita ya mwaka 1998 watu wenye silaha waliingia kanisani. Walichukua kalisi, vitambaa vya altare, redio ya paroko, mabati, hata vitasa vya milango. Shada walilimwaga chini kutoka kikapuni, wakalikanyaga, wakaliacha, maana halikuwa na bei. Noeli ile hapakuwa na mtu wa kulitundika; watu walikuwa msituni. Waliporudi, mama mmoja alilikuta sakafuni katika sakristia. Walilifua mara tatu. Doa lililobaki katika kumi la nne ndilo alama ya kiatu. Wengine walitaka kulikata kumi lile na kufuma jipya. Wengi walikataa, na doa linaonekana hata leo.

5. Namna ya kulifuma

Kwa kuwa wageni wengi wameomba kujua namna ya kulifuma, tunaieleza hapa kama tulivyoelezwa na akina mama. Wenye kujua watusamehe tukikosea jina. Sisi ni wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Funga kitanzi kinachoteleza mwishoni mwa uzi, ukitie juu ya ndoano. Zungusha uzi juu ya ndoano, uuvute upite ndani ya kitanzi: hicho ni kitanzi cha kwanza cha mnyororo. Fanya hivyo mara ishirini. Kisha hesabu kurudi nyuma vitanzi vitano kutoka kwenye ndoano, ingiza ndoano katika kile cha tano, na uvute uzi upite katika hicho na katika kilicho juu ya ndoano pamoja. Umepata pete ndogo.

Sasa fuma vitanzi vitatu kwenda juu. Hivyo vinashika mahali pa bridi la kwanza. Kufanya bridi, zungusha uzi mara moja juu ya ndoano, ingiza ndoano katika tundu la pete, vuta uzi. Utaona vitanzi vitatu juu ya ndoano. Chukua uzi, upitishe katika viwili. Uchukue tena, upitishe katika viwili vilivyobaki. Fanya mabridi kumi na moja namna hiyo kuizunguka pete, kisha unganisha na ncha ya vile vitanzi vitatu vya kwanza. Kigurudumu kimekwisha. Endelea na mnyororo wa vitanzi ishirini vingine, na kigurudumu kingine, mpaka vitimie kumi.

Makumi matano huunganishwa kwa vigurudumu vinne vikubwa vyekundu, mahali pa Baba Yetu. Hivyo hufumwa mbali: ukimaliza mzunguko wa kwanza, fuma wa pili, mabridi mawili juu ya kila moja la kwanza, yatimie ishirini na manne. Kwa uzi wa sweta wa kawaida shada zima hupata meta sita hivi, nalo latosha kuuzunguka mti ulio mrefu kuliko mtu.

Kazi huanzwa tarehe 1 Desemba, siku ya Mwenye heri Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe hiyo mwaka 1964 na kutangazwa Mwenye heri pale Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Anayefuma kumi moja kila juma, wawili wakisaidiana, hufika Noeli bila haraka.

6. Neno la mwisho

Katika kitabu cha Matendo ya Mitume twasoma habari za Tabita wa Yopa. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, nao walimwonyesha kanzu na mavazi aliyowafanyia alipokuwa nao. Hawakumweleza fadhila zake kwa maneno mengi. Walionyesha kazi ya mikono yake, na hiyo ilikuwa hoja yao yote.

Nasi hatutaki kusema mengi zaidi. Shada la plastiki si dhambi, na anayelipenda alitundike nyumbani kwake kwa amani. Lakini litatoka kiwandani halina jina la mtu, na likichakaa litatupwa pembeni mwa barabara, ambako halitaoza. Hili la uzi, kila kumi lina mama yake, na wengine kati yao wamelala katika makaburi yaliyo nyuma ya kanisa.

Tumeona vema kuleta mbele ya halmashauri mambo matatu. La kwanza: shada la mwaka 1974 lihifadhiwe katika sakristia pamoja na doa lake, lionyeshwe siku za sikukuu kubwa. La pili: kila shirika la parokia lifume kumi moja, na makumi hayo yaunganishwe mkesha wa Noeli ya jubilei mbele ya watu wote, na wavulana wafundishwe pamoja na wasichana, kwa kuwa vidole vyao havina kasoro. La tatu, na ndilo kubwa: vitambaa vya kroshe vitakavyouzwa siku za jubilei viwe mfuko wa karo ya wasichana wa parokia, hata chuo kikuu. Hivyo ndoano italipa kwa wazi deni ambalo mama zetu wamekuwa wakililipa kwa siri.

Yule kijana mwanafunzi alisoma karatasi hizi kabla hazijapelekwa kwenye mashine ya kuchapa. Alitusahihisha mahali pawili, nasi tunamshukuru. Kisha alikwenda kwa mama mzee aliyesimama mkutanoni, akamwomba amwonyeshe namna ya kushika ndoano. Tumesikia kwamba kigurudumu chake cha kwanza kilikuwa na pembe nne. Mama alimwambia akifumue, aanze tena, maana uzi haukasiriki.

Tumsifu Yesu Kristu. Milele na milele, Amina.